Hesabu ya siku zetu za kazi inalala kwenye mashini gani?

Siku hizi kampuni za mugodi zinaacha kaye ya pwentaji na kuleta mashini ya kidole. Asubui unagusa, taa inawaka kijani, unaingia. Jioni unagusa tena, unarudi nyumbani. Delege wanaitwa kwenye buro, wanaonyeshwa picha nzuri kwenye ukuta, wanaambiwa kwamba wizi wa siku za kazi umekwisha, kisha wanapewa karatasi ya kutia sinyatire. Wengi wanatia. Kwa nini wakatae? Mashini haijui kabila la mutu, haijui mutoto wa shefu.

Sisi wa sendika hatukatae mashini. Tunasema paka hivi: mbele ya kutia sinyatire kuna ulizo moja yenye delege wachache wanauliza. Kidole changu kikiisha kusomwa, ile hesabu inaenda kulala wapi? Ndani ya kile kisanduku cha ukutani? Kwenye ordinatere ya buro ya kambi? Kinshasa? Ulaya? Jibu la ulizo hilo njo wenye elimu ya enformatiki wanaita arshitektire: namna mashini za kampuni zimepangwa, ipi inachunga, ipi inauliza, ipi inaamuru. Neno linaogopesha. Lakini kila mama wa Kisangani mwenye kutuma makuta kwa telefone anaishi ndani yake kila siku.

Tuanze pale. Telefone yako haina hata falanga moja ndani. Ikianguka ndani ya muto Congo leo, makuta yako hayakuanguka nayo. Unanunua telefone ingine, unarudisha namba yako, unayakuta. Juu telefone haichunge kitu, inauliza tu. Inatuma ulizo kwa mashini kubwa ya kampuni ya telefone, ile tunaita serveri, na serveri inafungua daftari lake, inasoma, inajibu: uko na kiasi hiki. Daftari liko kule, kwako kuna dirisha tu la kuchungulia. Wakenya walianza M-Pesa mwaka 2007, na kwa miaka mingi, mpaka 2015, serveri zake zilikuwa Ujerumani. Mama wa Mombasa alikuwa analipa samaki kwa jirani yake, metre tatu tu kati yao, na ulizo lilikuwa linavuka bahari kwenda Ulaya na kurudi mbele samaki haijafungwa kwenye gazeti. Hakuna mwenye alimwambia. Na hakuuliza, juu ilikuwa inatembea vizuri.

Pale inatembea vizuri, hakuna mutu anauliza. Ulizo linakuja siku imekatika.

Kampuni moja, hatutaitaja, iliweka mashini za kidole kwenye kambi yake. Serveri haikuwa kambini. Ilikuwa muji mukubwa, mbali. Kile kisanduku cha ukutani kilikuwa sawa telefone ya yule mama, dirisha tu. Rezo ikakatika siku sita. Watu walikuwa wanagusa, taa inawaka kijani, wanaingia chini ya udongo, wanafanya kazi. Mwisho wa mwezi, siku sita hazikuwa kwenye fishi ya mushahara. Tulipoenda kuuliza, mutu wa buro alitujibu neno moja: "sisteme". Tukamuuliza: sisteme gani? Hakujua. Hata yeye alikuwa anaona dirisha tu, hakuwa na daftari. Kilichookoa wale wandugu ni shefu mumoja wa timu, muzee wa zamani, mwenye hakuamini taa ya kijani na aliendelea kuandika majina ndani ya kaye yake ya shule kila asubui. Kwa ile kaye njo tulipata siku nne kati ya sita. Mbili zilipotea, juu zile siku muzee alikuwa na malaria.

Angalieni vizuri: pale hakuna mutu aliiba. Mashini haikuharibika. Kosa lilikuwa kwenye mupango. Wangeweka kisanduku chenye kuchunga hesabu ndani yake siku kumi ao mwezi, kisha kuituma rezo inaporudi, hakuna mutu angepoteza hata siku moja. Visanduku vya namna ile viko, bei yake haipite sana. Lakini mwenye kuchagua alikuwa mbali na kambi, kule rezo haikatikake, na mezani pake hakukuwa mufanyakazi hata mumoja.

Kuna na namna ya zamani, yenye tunaijua wote: kila kitu ndani ya ordinatere moja. Mutu wa mushahara iko na ordinatere yake, ndani muko majina, siku, deni, kila kitu. Komptuari nyingi za diama hapa Makiso zilifanya kazi hivi. Ni rahisi na haiombe rezo. Lakini radi ikipiga, ao diski ikifa, ao yule mutu akigombana na patro na kuondoka na neno la siri kichwani mwake, kila kitu kinaondoka naye. Tena mutu mumoja anaweza kubadilisha hesabu usiku, asubui hakuna mwenye atajua. Hatutakawia juu yake.

Ile yenye inaenea sasa ni ya katikati: serveri moja kubwa kwenye makao makubwa, na kambi zote zinauliza kule. Watu wa Lubunga wataelewa haraka. Buro nyingi za kazi ziko ngambo ya Makiso. Mutu wa Lubunga akitaka karatasi, anapashwa kuvuka muto. Siku pirogi zinatembea, hakuna shida. Siku upepo ni mukali ao kuna vurugu, Lubunga yote inabaki bila karatasi, hata kama kule Makiso buro imefunguliwa na mutu wa buro amekaa anapiga mwayo.

Tusiseme hata hivyo kwamba katikati ni mubaya kila mara. Kuna vitu vinaomba daftari moja tu. Sheria ya migodi ya 2002 iliunda Kadastri ya Migodi, CAMI, na kukata inchi yote kwa viwanja vidogo, kila kimoja karibu hektare 85. Mwenye kuomba wa kwanza njo anapata wa kwanza. Sasa, kama kila jimbo lingekuwa na daftari lake lenye halijui la jirani, kiwanja kimoja kingeweza kuwa na wenyewe wawili, na ni sisi wachimbaji tungekuwa katikati ya mapigano yao. Daftari moja, karata moja, na hata mutu wa Bafwasende mwenye telefone nzuri anaweza kufungua ile karata na kuona nani iko na karatasi juu ya udongo anaochimba. Hiyo ni katikati yenye faida. Tofauti ni kwamba ile karata inaonekana na wote. Daftari la siku zetu za kazi linaonekana na mutu mumoja tu.

Sasa kuna na ya tatu, yenye wauzaji wanaita wingu. Jina la uongo kidogo. Hakuna kitu juu angani. Ni manyumba makubwa ya mashini, yenye ukuta, umeme na mulinzi mulangoni, na kampuni yako inapanga nafasi ndani sawa vile wewe unapanga chumba Mangobo. Microsoft ilifungua yake Afrika ya Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata kule Cape Town mwaka 2020. Nyingi zaidi ziko Ulaya na Marekani. Kampuni inaipenda juu haiombe kununua mashini, haiombe kupigana na SNEL, inalipa paka mwezi. Tunaelewa. Mwenye anajua umeme wa Kisangani, na vile mitambo ya Tshopo inatuacha gizani, hawezi kucheka mwenye kuweka hesabu zake kule umeme haukatike.

Lakini njia ya kufika kule ni ndefu, na inapita pahali penye hamuwezi kuamini. Waya mukubwa wa intaneti wenye unaitwa WACS unafika inchi yetu kule Muanda, kwenye bahari. Mbele ya mulango wa muto wetu, chini ya maji, kuna bonde kubwa sana. Mwisho wa 2019 muto ulijaa vile haukujaa kwa miaka mingi. Kisangani tunakumbuka maji. Mwezi wa kwanza 2020, muchanga na matope yenye muto ulikuwa umerundika pale mulangoni yakateremuka ndani ya bonde, yakaenda zaidi ya kilometre 1,100 chini ya bahari, na kukata waya WACS na mwenzake SAT-3. Mwezi wa munane 2023, tena. Yaani matope yenye yanapita hapa mbele ya Wagenia, mbele ya macho yetu, yanaweza kufika baharini na kukata njia ya pwentaji yako. Tena kuna wale wenye hawangoje matope: kuanzia tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja tu nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima kwa amri, karibu majuma matatu. Kampuni yenye daftari lake liko Ulaya na haina kopi hapa ilifanya nini majuma yale matatu? Tulipa ulizo hilo kwa mabwana kadhaa wa mugodi. Walitabasamu.

Wagenia wenyewe wanatuonyesha dawa. Angalieni miti yao pale kwenye maporomoko. Hawana kitunga kimoja kikubwa katikati ya muto. Wako na vitunga vingi, kila jamaa na chake, kila kimoja pahali pake ndani ya maji makali. Maji yakibeba kimoja, vingine vinaendelea kukamata samaki, na jioni watu wanakula. Enformatiki iko na mupango wa namna ile: kila kambi inachunga daftari lake na kufanya kazi hata bila rezo, na rezo inaporudi madaftari yanalinganishwa, makao makubwa yanapata kopi, kambi inabaki na yake. Ni nguvu zaidi kutengeneza, tunakubali. Pale hesabu mbili hazikubaliane, mutu anapashwa kuamua ipi ya kweli. Lakini afazali kazi ile kuliko hesabu moja yenye imekufa.

Kama munafikiri tunazungumza maneno ya masikini, sikieni ya matajiri. Maersk ya Danemark ni moja ya kampuni kubwa za meli duniani. Kontena nyingi zenye munaona kwenye barabara zimepita mikononi mwake. Tarehe 27 mwezi wa sita 2017, virusi moja inaitwa NotPetya iliingia ndani ya rezo yake. Mashini zake zilikuwa zimefungwa pamoja sana, mulango mumoja wafungua yote. Serveri zenye zilikuwa zinachunga majina ya watumishi wote na haki ya kila mumoja ya kuingia, karibu 150 dunia nzima, zilikuwa zinaandikiana kila wakati ili zifanane. Kwa hiyo zilikufa pamoja. Kopi 150, na zote zinakufa kwa saa moja, juu kila kopi ilikuwa imeunganishwa na nyingine! Ikabaki moja tu. Iko wapi? Ghana. Juu ya nini? Umeme ulikuwa umekatika Ghana ile saa, na serveri ilikuwa imezima. Rezo ya kule ilikuwa pole sana kutuma vitu vyote mpaka Uingereza, na watumishi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, basi mumoja akapanda ndege na diski mpaka Nigeria, akaipokeza kwa mwenzake, na yule akaibeba London. Kwa ile diski ya Afrika njo kampuni ilisimama tena. Walipashwa kutengeneza upya serveri 4,000 na ordinatere 45,000. Sisi wa Kisangani, wenye kulaani SNEL kila jioni, tunaweza kucheka kidogo. Lakini munaona kitu: kopi yenye inaokoa ni ile haikufungwa pamoja na zingine. Kaye ya yule muzee wetu ilikuwa kopi ya namna ile.

Na kopi yenye iko mikononi mwa mutu mwingine inafanya kazi ingine zaidi: inakataza uongo. Wenye kazi ya diama wanajua Kimberley, mapatano yenye yalianza 2003. Kule hakuna serveri moja ya dunia yenye kuamuru. Kila inchi inachunga hesabu yake, hapa kwetu ni CEEC njo inapima na kutoa sertifika, lakini wote wanaandika kwa namna moja na wanaonyeshana. Mwaka 2004 jirani yetu wa Brazzaville aliondolewa ndani ya mapatano. Hawakukamata mutu na mufuko usiku. Walisoma tu hesabu: diama zenye zilikuwa zinatoka Brazzaville zilikuwa nyingi sana kupita zenye udongo wake unaweza kuzaa, na haikuweza kueleza zinatoka wapi. Ilirudishwa 2007. Hatusemi Kimberley inafunga kila mulango. Wachimbaji wanajua njia za porini kuliko sisi. Tunasema hesabu zenye kuandikwa pahali pawili na watu wawili zinaweza kushitakiana. Hesabu yenye iko kwa mutu mumoja haishitaki mutu.

Kwa nini tunasukuma maneno haya sasa? Juu kazi yenyewe inaingia ndani ya rezo. Kule Kibali, Haut-Uele, jimbo lenye zamani lilikuwa pamoja na letu, kuna mashini kubwa za kubeba mawe chini ya udongo bila mutu kwenye volan. Mwendeshaji amekaa juu, mbele ya ekrani. Wengi wetu wako na mutoto ao shemeji kule. Kazi ya namna ile ni salama zaidi kwa mwili, hatuwezi kukana, jiwe likianguka halimukute mutu. Lakini kila mwendo wa mashini unaandikwa: dakika ya kusimama, dakika ya kutembea, nani alikuwa kwenye ekrani. Kesho hesabu ya namna ile ndiyo itapima primu yako. Mwenye kuchunga daftari njo atasema nani alifanya kazi na nani alilala.

Na kuna pansio. Kila mwezi asilimia 5 ya mushahara inakatwa kwa ajili ya CNSS, na patro anaongeza sehemu yake. Kati ya siku unagusa kidole na siku utapata pansio inaweza kupita miaka 30. Ndani ya miaka 30 kampuni itabadilisha programu mara tano, itauzwa mara mbili, makao yatahama. Kila mara hesabu inahamishwa toka mashini ya zamani kwenda ya mupya, na kila uhamisho unaangusha kitu njiani, sawa vile mutu akihama na toleka: kuna kikombe kinavunjika. Wazee wa Kilo-Moto wenye walichunga karatasi zao ndani ya sanduku ya chuma waliweza angalau kusimama mbele ya giche na kitu mukononi. Kijana wa leo, mwenye kila kitu chake kiko ndani ya wingu lenye alipangiwa na patro, atasimama na nini?

Basi delege waombe nini? Sheria inatupa mukono. Kodi ya kazi ya 2002 inasema mufanyakazi apewe hesabu ya mushahara wake kwa maandishi kila anapolipwa. Kodi ya numeriki, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inampa kila mutu haki ya kujua hesabu zenye zinachungwa juu yake na kuomba zirekebishwe kama si kweli. Kidole chako ni moja ya hesabu zile, na ukikumbuka vizuri, ni ile tu yenye huwezi kubadilisha. Neno la siri likiibiwa unaweka lingine. Kidole utaweka kingine mara tisa tu.

Mbele ya mashini kuwekwa, tunaomba patro aandike ndani ya mapatano: serveri iko muji gani na inchi gani, na ni mali yake ao ya kupanga. Kisanduku cha ukutani kinachunga siku ngapi rezo ikikatika. Nani anaweza kubadilisha saa yenye imeisha kuandikwa, na kama jina lake linabaki pale amebadilisha. Hili tunalishika kwa nguvu kuliko yote, juu pale hakuna jina, hakuna wa kuuliza. Kila juma, orodha ya siku za kila timu ichapwe kwa karatasi, ibandikwe kambini, na kopi moja iende kwa delegasio. Orodha yenye imebandikwa Siku ya Tano, watu wanaisoma, mwenye siku yake haiko anasema palepale, si nyuma ya miezi mitatu mbele ya jiji la kazi. Karatasi moja kwa juma haiwezi kuangusha kampuni ya mugodi.

Tunajua jibu lenye litakuja, tulisikia mara nyingi: "Maneno haya ni ya wafundi, enjenieri wa Kinshasa njo anajua." Vizuri. Yule enjenieri aitwe basi, hata kwa telefone, aseme mbele ya delege wote, na maneno yake yaandikwe ndani ya pirose ya mukutano. Mpaka pale, kalamu ibaki mufukoni.

Na wamama wenye wababa wako kambini: fishi za mushahara zisifungie maandazi. Mutie kwenye mufuko wa plastiki, ndani ya sanduku, juu pahali maji hayafike, mwezi kwa mwezi, na tarehe zikifuatana. Kama kuna mwezi haiko, muulize mwezi ule ule.